Nani anafagia yale makaburi?

Nilikuwa namkata Bibi kucha za miguu. Mguu mmoja uko kwenye beseni, mwingine nimeupakata juu ya taulo, TV inaongea Kipolandi peke yake sebuleni, ilikuwa Jumanne ya mwanzoni mwa Septemba na bado kuna joto la kufungua madirisha. Kazi ya kulea wazee huku Chicago wengi wetu tunaijua kwa hiyo sielezei. Mwezi wa nne huo nipo naye na hajawahi kuniuliza chochote cha maana zaidi ya kama nimekula.

(Namwita Bibi kwa sababu wajukuu zake wanamwita Babcia, inatamkwa babcha, na maana ni hiyo hiyo.)

Akauliza, hivi we Afrika unatoka wapi?

Tanzania.

Tanzania wapi?

Ukishasema Tanzania kwa watu wa huku unategemea Serengeti, simba, basi, mazungumzo yameisha. Nikajibu kivivu tu huku nageuza mkasi, Arusha.

Akautoa mguu kwenye beseni, maji yakanichuruzikia kwenye suruali.

"Tengeru," akasema.

Na hakusema kama mtalii. Alisema kama konda wa kifodi pale stendi ya Kilombero, haraka haraka, bila kulipamba.

Nikamwambia Bibi, mimi nimezaliwa Tengeru, nyumbani kwetu ukikaa barazani siku ya Jumamosi unasikia kelele za soko. Akaniangalia muda mrefu, macho yake yana mtoto wa jicho kwa hiyo sijui aliona nini, halafu akauliza kitu ambacho kimenikaa kichwani wiki na wiki.

"Makaburi yetu yapo? Nani anayafagia?"

Nikamwambia yapo, Bibi. Yanafagiwa kila wiki.

Sijawahi kuingia

Nilidanganya. Bila hata kufikiri, vile vile tunavyomwambia mama kwenye simu kwamba huku kila kitu kiko poa.

Ukweli ni kwamba nimekulia kilomita mbili kutoka pale na sijawahi kuingia hata mara moja. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, sisi watoto tulikuwa tunayaita makaburi ya wazungu, tunayapita kwa mbali tukitoroka kwenda Ziwa Duluti, na kila mtoto alikuwa na hadithi yake ya mzimu wa kizungu unaoomba mkate usiku. Ni ya nani, walikufaje, walifuata nini kwetu, hakuna aliyeuliza. Nilivyokua nikajijibu mwenyewe kwamba ni walowezi. Wazungu waliokuja kuchukua mashamba ya watu, wakafa, wakazikwa, vizuri.

Hiyo "vizuri" nimeiacha makusudi, maana ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Sasa unamdanganya mtu wa miaka karibu tisini kuhusu makaburi. Mdogo wake kalala pale, hilo nililijua wiki iliyofuata, na baada ya kulijua nikawa kila nikimaliza shifti nipo kwenye treni nawaza lile neno "kila wiki". Kwa nini sikuishia kusema yapo tu? Kila wiki imetoka wapi?

Pole

Kuanzia siku ile Bibi akawa ananisimulia vipande vipande, huku nakunja nguo, huku namsubiri ameze dawa. Nimevipanga mwenyewe, yeye anaruka ruka.

Alikuwa na miaka minne. Februari 1940, usiku, theluji, askari wa Kisovieti wanagonga mlango, mama yake anapewa nusu saa ya kufunga mizigo. Stalin alikuwa ameshachukua mashariki ya Polandi tangu Septemba 1939, na familia kama zao zilikuwa zinapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe kupelekwa Siberia na misitu ya kaskazini ya Urusi kukata miti. Hitler alipomgeuka Stalin mwaka 1941 ndo wakaachiwa, Wapolandi wakaunda jeshi chini ya Jenerali Anders na nyuma ya jeshi likafuata kundi la wanawake na watoto waliobaki ngozi na mifupa, wakashuka mpaka Asia ya Kati, na 1942 wakavushwa Bahari ya Kaspi kuingia Iran. Wanaume wakaenda vitani. Hawa wengine Waingereza wakatafuta pa kuwaweka, na kama 18,000 hivi wakaishia Afrika. Masindi na Koja kule Uganda, kwetu Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, watu kama 5,000.

Elfu tano! Nimesoma shule ya msingi pale pale miaka saba na sijawahi kusikia.

Anachokumbuka yeye ni vibanda vya duara vilivyopakwa chokaa, paa la majani, Mlima Meru ukifunguka asubuhi kabla mawingu hayajarudi. Na funza! Watoto wa kambini walikuwa hawajui funza ni nini, wanajikuna tu mpaka vidole vinavimba, mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa anawaletea ndizi akawakalisha chini mmoja mmoja akawafundisha kumtoa na sindano bila kupasua kile kifuko. Ndo maana alikumbuka siku ile ya kucha. Watu wawili tu maishani, akaniambia, wamewahi kunishika vidole vya miguu kwa adabu na wote mnatoka sehemu moja.

Mdogo wake wa kiume alikufa kwa malaria. Siku ya kumzika walipita mbele ya wale wanawake wa ndizi, nao wakawa wanamwambia mama yake pole, pole sana.

Kwa Kipolandi "pole" ni shamba. Inatamkwa hivyo hivyo.

"Nilikuwa na miaka minane," Bibi akasema, "nikadhani wanamwonyesha mama shamba la kumzikia."

Niliweka chini soksi niliyokuwa naikunja, nikaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Walivyokuwa wanasoma kama wana mtihani kesho

Kilichonishangaza kuliko yote ni kwamba kambi haikukaa ikilia. Wanawake wale wametoka Siberia, waume hawajulikani wako hai au la, na cha kwanza walichodai ni shule. Vitabu mwanzoni hakuna, kwa hiyo mwalimu anatoa kila kitu kichwani, mashairi, wafalme, mito ya Polandi kutoka milimani mpaka Baltiki, na watoto wanachora ramani ya nchi ambayo wengine waliiacha hata hawajajua kuongea. Wakawa na kanisa, kwaya, tamthilia, skauti wanaoimba porini. Tarehe 3 Mei, siku ya katiba yao ya mwaka 1791, wanacheza ngoma za Kraków kwa masketi waliyoshona wenyewe, na Bibi anasema vumbi jekundu lilikuwa halitoki kwenye soksi nyeupe hata ufue mara ngapi. Hilo vumbi nalijua.

Nikamuuliza bidii yote hiyo ya nini na mna njaa na malaria. Akajibu kama ananieleza kitu cha wazi, kwamba walikuwa wanarudi nyumbani, sasa mtoto arudi nyumbani mjinga?

Hawakurudi. Vita ilivyoisha wakubwa wa dunia walikuwa wameshakubaliana kwamba ile mashariki yao inabaki ya Wasovieti. Nyumba ya Bibi ikawa nchi nyingine bila kusogea hata hatua. Wakaanza kutawanyika, Uingereza, Kanada, Australia, Marekani, na ile mito na wafalme kichwani.

Hapa ndo nilikwama

Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa stori nzuri. Lakini mimi ni Mmeru.

Mwaka 1951, wakati kambi ya Tengeru inamalizikia, Waingereza wale wale waliwatoa Wameru kama 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapanda ndege mpaka Umoja wa Mataifa kutusemea, hilo kila Mmeru analijua, na ardhi haikurudi mpaka baadaye kabisa. Babu yangu mzaa mama alikuwemo kwenye wale waliotolewa.

Kwa hiyo kuna siku nilikuwa namsikiliza Bibi na hasira zinapanda. Serikali moja, wilaya moja, miaka ile ile, mkimbizi mweupe anajengewa kijiji chenye shule na hospitali, na mwenyeji anachomewa nyumba. Mimi nimlilie nani? Nikawa mkimya siku mbili, namhudumia vizuri, kazi ni kazi, ila simuongeleshi.

Siku ya tatu akauliza kulikoni. Nikamwambia yote, kwa hasira, na Kiingereza changu cha hasira ni kibovu.

Hakujitetea. Hakusema hata kwamba wao hawakuwa walowezi, ingawa ni kweli hawakuwa, na mimi nadhani Waingereza waliona aibu tu ya kuwa na wazungu maskini wanaoonekana na kila mtu, wakataka waondoke haraka. Aliuliza swali moja tu.

"Babu yako walimpa muda gani wa kufunga mizigo?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nasimulia habari za Engare Nanyuki na sikujua. Nikampigia mama usiku ule, kwao alfajiri, akashtuka akadhani kuna msiba. Akasema babu alikuwa anasimulia kwamba hakufunga kitu, alitoka na kibuyu cha maziwa, na njiani akawa anajilaumu mbona amechukua maziwa akaacha jembe.

Kesho yake nikampelekea Bibi jibu. Akatikisa kichwa. Akasema mama yake alibeba cherehani. Watu waliwacheka kwenye behewa, cherehani Siberia, na ile cherehani ndo iliwalisha.

Hasira haijaisha yote, nisidanganye tena. Ila imehama mahali ilipokuwa.

Penseli kubwa

Katikati ya Oktoba kitukuu chake alikuwa anaapishwa darasa la kwanza kwenye shule ya Jumamosi, nikaambiwa nimpeleke Bibi. Kwa wasiojua, Wapolandi wa huku watoto wao wanasoma shule ya kawaida Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi asubuhi wakati wenzao wapo kwenye katuni wao wanapelekwa kusoma Kipolandi, historia na jiografia ya Polandi, mpaka umri wa sekondari. Miaka kumi na zaidi ya kukosa katuni!

Watoto walikuwa wamevaa mashati meupe na kofia za karatasi kama maprofesa. Wanasimama mstari, wanakula kiapo kwa Kipolandi, halafu mwalimu mkuu anapita na penseli kubwa ya kuchekesha, ndefu kama fimbo ya mchungaji, anamgusa nayo kila mtoto begani kama mfalme anavyompa mtu cheo. Kitukuu chetu alipiga miayo katikati ya kiapo. Mwenzake mmoja alikuwa analia waziwazi anataka kwenda kwenye mpira. Wakitoka tu mlangoni, wote Kiingereza.

Nikawaza, sasa faida iko wapi? Nikamuuliza mama wa mtoto. Akacheka akasema na yeye alikuwa analia hivyo hivyo, na mama yake pia, hapa hapa Chicago.

Mi nikanyamaza maana nilikuwa na yangu moyoni. Sisi Watanzania tulianzisha darasa la Kiswahili la watoto. Jumapili nne. Ya tano walikuja watoto wawili na mmoja wao alikuwa wa mwalimu. Wangu mimi aliacha ya tatu, kulikuwa na besdei. Anasikia Kiswahili chote, ukimtuma anaenda, ila majibu ni Kiingereza, na mimi nimezoea kusema atajua tu akienda likizo nyumbani.

Usifikiri naona Wapolandi ni malaika. Wana majungu kama sisi, nani karudi kwao, nani kaja juzi anajifanya, jumuiya mbili zisizosalimiana kanisa moja. Lakini mtaa wa Milwaukee unapita unaona makumbusho yao waliyoanzisha 1935, gazeti lao la kila siku, *Dziennik Związkowy*, linatoka tangu 1908 na Bibi bado analisoma na kioo cha kukuzia, anaanza na matangazo ya vifo. Krismasi wanaacha kiti kimoja na sahani tupu mezani kwa ajili ya mgeni ambaye hajaalikwa. Bibi ameniambia mwaka huu nisithubutu kukaa nyumbani.

Padri na watoto 150

Kuna mtu mmoja Bibi akimtaja anashusha sauti. Padri Lucjan Królikowski, Mfransisko, na yeye alipita Siberia kabla hajawa padri, baadaye akaja kuwa Tengeru. Kambi zilipoanza kufungwa kulikuwa na yatima pale, na serikali ya kikomunisti ya Warsaw inawataka. Watoto hawataki kurudi chini ya watu wale wale waliowaulia wazazi. Mwaka 1949 akawachukua, kama 150, meli kutoka Mombasa mpaka Italia, wakapita Ujerumani, Septemba wakashuka Halifax, Kanada. Warsaw ikapiga kelele dunia nzima kwamba watoto wametekwa.

Hakuwaacha kule. Walisambazwa kwenye shule za bweni Quebec, yeye akawa ndo mzazi wao kisheria na kivitendo, karo, magonjwa, mpaka barua za mapenzi anaombwa ushauri. Alikufa Oktoba 2019 akiwa na miaka 100.

Mimi nilimuuliza Bibi, je kama kulikuwa na shangazi kule Polandi anamsubiri mmoja wao? Bado nawaza hilo, mtu mmoja kuamulia watoto 150 siyo kitu chepesi. Bibi rafiki yake wa dawati alikuwa mmoja wa wale watoto. Akanijibu kwa ukali kidogo: waulize watoto, usimuulize shangazi.

Ukweli

Wiki ya mwisho ya Oktoba alianza kuongelea tarehe 1 Novemba, siku yao ya marehemu, wanakwenda makaburini kila mmoja na taa yake ya mshumaa, usiku makaburi yanawaka kama mji. Akasema, hata Tengeru tulikuwa tunawasha. Akasema, ni vizuri yanafagiwa kila wiki.

Nikashindwa. Nikamwambia Bibi nilidanganya. Sijawahi kuingia pale, sijui yana hali gani, sijui nani anafagia.

Akaendelea kunywa chai.

"Nilijua," akasema. "Ulijibu haraka mno."

Saa moja asubuhi Chicago, saa tisa mchana Tengeru

Mdogo wangu ni bodaboda pale njia panda. Nikamtumia hela ya mafuta na ya mshumaa, akanitumia emoji za kucheka kwenye WhatsApp, dada umeanza kufuga mizimu, ila akaenda.

Bibi tulimkalisha kwenye kiti chake, nimemchana nywele, kavaa herufi za dhahabu za jina la mama yake shingoni. Picha ikawa inakata kata, mara anga, mara tairi, halafu ikatulia. Geti. Kitabu cha wageni. Halafu makaburi, kama 150, ya saruji, kwenye mistari, misalaba, na pembeni machache yenye nyota ya Daudi, na majani yamekatwa chini kabisa. Sikutegemea. Makaburi ya ukoo wetu sisi yana magugu ya kufika kiunoni, na mdogo wangu naye aliliona hilo maana alikaa kimya ghafla. Jipya kuliko mengine ni la Edward Wójtowicz, Mpolandi wa mwisho ambaye wenzake waliondoka yeye akabaki, akafia huku huku mwaka 2015.

Mshumaa ukagoma. Anawasha, upepo unazima, anawasha, unazima. Akatoa kisu, akakata chupa ya maji katikati, akauchomeka ndani, ukashika.

Kulitafuta la mdogo wake Bibi kulichukua muda, simu inabaki asilimia kumi na moja. Akalipata. Akaanza kusoma jina, akafika kwenye ile L yao yenye mkwaju akaisoma L.

"Hapana," Bibi akasema.

Akarudia. L tena.

Ikasikika sauti ya mzee pembeni, kwa Kiswahili chetu cha Tengeru kabisa: "We kijana hiyo siyo L, hiyo wanaisoma W." Na akalisoma jina lote, moja kwa moja, vile vile Bibi anavyolitamka.

Bibi akashika mkono wangu. Akauliza huyo anayeongea ni nani.

Nikamwambia ndo anayefagia.

Akataka nimuulize kama ana ufagio mzuri.